Uvimbe wa Ubongo Hufikaje Tumboni?

Wahenga walinena kwamba hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Nami naongeza kuwa hata mrija unaookoa maisha una mbu wake. Hebu nikufafanulie, mpenzi msomaji.

Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye maji maangavu. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita ya maji hayo kila siku, nayo hunyonywa yakarudi katika damu. Uvimbe ukiota na kuziba njia, maji hukosa pa kwenda. Ubongo hugandamizwa, mgonjwa akaumwa na kichwa, akatapika, hata akapofuka au kufa.

Basi daktari mpasuaji hutia mrija mwembamba katika chumba kimojawapo, akaupitisha chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni. Vali ndogo huyaachilia maji yateremke bila kurudi juu. Tumboni humo hunyonywa. Si mchezo!

Lakini mbu ndiye huyu. Kwa kawaida uvimbe ulioanzia ubongoni hausambai hadi viungo vingine. Hata hivyo, aina fulani, kama vile meduloblastoma ambayo huwapata watoto zaidi, huweza kumwaga chembe zake katika maji yale. Chembe zikiingia mrijani, ni kama zimepanda matatu bila nauli! Hushukia tumboni, zikaota kwenye utando wake. Tumbo hufura na kuuma. Daktari huvuta maji ya tumboni na kuyapima kwa hadubini.

Utauliza, mbona wasiweke kichujio? Kiliwahi kujaribiwa, lakini kikawa kinaziba, maji yakajaa tena kichwani.

Je, tuukatae mrija? La hasha! Jambo hili hutokea kwa nadra sana, ilhali maji yakiachwa kichwani huua upesi. Tena wagonjwa wengine huweza kutobolewa njia mpya ya maji mle mle ubongoni, bila mrija. Hospitali ya CURE ya Mbale, Uganda, imejipatia sifa kwa kuwatibu hivyo watoto wenye vichwa maji.

Kwa hivyo, ikiwa ndugu yako aliwahi kuugua uvimbe wa ubongo na ana mrija, kisha tumbo lake likaanza kufura, msikae nyumbani mkisema eti ni minyoo. Mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari habari za mrija huo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.