Usipande Mbegu Uliyoiokota Chini ya Mchikichi

Chukua machikichi mawili yaliyoiva kutoka mashamba mawili ya Rumonge, Burundi, uyakate katikati. La kwanza kisu kinagoma: ganda la ndani ni nene, na nyama ya mafuta juu yake ni kidogo. Hilo ni la dura, mchikichi wa asili. La pili lina ganda jembamba, limezungukwa na pete ya nyuzi nyeusi, na nyama imejaa. Hilo ni la tenera. Kwa mikungu yenye uzito uleule, tenera hutoa mawese zaidi kwa takriban asilimia 30, na anayekamua kwa mashine ya mkono huiona tofauti hiyo kwenye madumu yake.

Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, wataalamu wa kituo cha Yangambi huko Kongo, walieleza siri yake. Tenera ni chotara wa dura na pisifera, mchikichi ambao tunda lake halina ganda kabisa. Pisifera nyingi ni tasa. Mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Lakini chavua yake ikiingia kwenye ua la kike la dura, watoto wote huwa tenera.

Hasara huanzia hapo. Mkulima ana tenera nzuri, anaokota mbegu zake na kuziotesha. Kama chavua ilitoka kwa tenera nyingine, robo ya miche itakuwa dura, nusu tenera, na robo pisifera isiyozaa. Kama ilitoka kwa dura za jirani, ambazo bado zimejaa kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, nusu hurudi kuwa dura. Kitaluni miche yote inafanana! Ukweli hujulikana mti ukianza kuzaa, baada ya miaka mitatu au minne, na mchikichi hukaa shambani miaka 25 au zaidi.

Mbegu halisi hutengenezwa kwa mkono. Ua la kike la dura teule hufungwa mfuko kabla halijafunguka, wadudu wasije wakaleta chavua nyingine, kisha hupuliziwa chavua ya pisifera iliyochaguliwa. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila mkungu wa mbegu, ndiyo maana bei iko juu. Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kulipia miche muulize mwenye kitalu mbegu zilitoka kituo gani, mama wa mbegu hizo alikuwa dura ipi, na kama ua lilifungwa.