Masurufu ya mtoto wa mpakani: Mama anauza chakula, mwana asishinde na njaa

Na Mwandishi Maalumu, Arua

MWENYE njaa hana miiko, walisema wahenga. Katika shule nyingi za msingi za Arua na Koboko, kengele ya saa saba mchana ikilia, watoto hugawanyika makundi matatu.

Kundi la kwanza hupanga foleni ya posho na maharage, kwa kuwa wazazi wao wamelipia. Kundi la pili hukimbia nyumbani, na si wote wanaorudi kwa kipindi cha alasiri. Kundi la tatu hubaki chini ya mwembe wakipopoa maembe mabichi, au wakitafuna muhogo mbichi uliong'olewa katika shamba la mtu.

Mimi ni mwalimu, na kundi hilo la tatu nalijua kwa majina. Wengi ni watoto wa ndugu zangu tuliorudi kutoka uhamishoni, na watoto wa akina mama wafanyabiashara wanaoondoka alfajiri kwenda Ariwara, Vurra au Oraba na kurejea jua likizama.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa akina mama hao huuza chakula. Huyu ana magunia ya maharage, yule ana samaki wakavu, mwingine ana simsim na unga wa muhogo. Mama anauza chakula, mwanawe anashinda na njaa.

Ninachotaka kusema leo, ndugu msomaji, ni hiki: chakula cha mchana cha mtoto huyu tayari kimo nyumbani. Kinachokosekana ni mkebe, dakika chache za jioni, na kuacha aibu.

Tabia tuliyorudi nayo

Tusilaumiane kabla ya kujua chanzo. Mimi nilivushwa mpaka mwaka 1980 nikiwa mgongoni mwa mama, wakati watu wa West Nile walipokimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wa Idi Amin kuangushwa mwaka 1979. Nilisomea huko hadi vita vya 1996 na 1997 vilipoturudisha nyumbani.

Kule Zaire tuliingia darasani asubuhi na mapema, na karibu saa sita mchana masomo yakawa yamekwisha. Tulikula nyumbani. Hakuna mzazi aliyefunga chakula, kwa sababu hakuna mtoto aliyekihitaji.

Hapa Uganda mambo ni tofauti. Mtoto wa darasa la juu hukaa shuleni hadi saa kumi au kumi na moja jioni. Mzazi aliyesoma kwa ratiba ya Zaire humwamsha mwanawe, humpa kikombe cha chai na kumwaga, akidhani amemaliza kazi. Tumebadilisha nchi, lakini saa ya tumbo tumeiacha ng'ambo ya mpaka.

Wako pia wanaosubiri serikali. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997 na ikatuondolea karo, lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imekiweka chakula cha mwanafunzi miongoni mwa wajibu wa mzazi au mlezi. Kwa hiyo anayesubiri sufuria ya serikali atasubiri sana.

Wajapani na mkebe wao

Kufunga chakula cha njiani si jambo geni kwetu. Waswahili huita masurufu, Waganda husema entanda. Waliofanya jambo hili kuwa sanaa ni Wajapani, ambao mkebe wao wa chakula huitwa bento.

Bento huenda shambani, ofisini na shuleni, na tangu karne ya 19 huuzwa katika stesheni za treni. Ndani huwamo wali, samaki au yai, na mboga za rangi mbalimbali, kila kitu mahali pake. Mama wa Kijapani hukata karoti kwa umbo la ua na soseji kwa umbo la pweza, ili mtoto akifungua mkebe acheke kwanza ndipo ale.

Wataalamu wa lishe wa huko hufundisha kanuni rahisi ya 3:1:2. Ugawe mkebe mafungu sita. Mafungu matatu yawe chakula cha kutia nguvu, fungu moja liwe cha kujenga mwili kama samaki, yai au maharage, na mafungu mawili yawe mboga na matunda ya kulinda mwili.

Kanuni hii hufaa sana kwetu, kwa sababu kosa letu kubwa ni kujaza mafungu yote sita kwa muhogo. Muhogo hushibisha na hutia nguvu, lakini protini yake ni kidogo mno. Mtoto anayekula muhogo mtupu hushiba bila kujengeka.

Meza ya nchi tatu

Sisi wa mpakani tuna bahati ambayo Kampala hawana. Uganda, Kongo na Sudan Kusini zimekaa kama mafiga matatu pale Salia Musala, na kila nchi ina chakula kinachosafiri vizuri.

Kongo wana kwanga, muhogo uliolowekwa, ukapondwa, ukafungwa kwa majani na kupikwa kwa mvuke. Wasafiri huenda nao safari ya siku kadhaa. Sudan Kusini wana kisra, mkate mwembamba wa mtama uliochachushwa, ambao Wanubi wa Arua na Koboko pia ni mafundi wake. Uganda ina viazi vitamu, chapati, simsim na karanga, na kutoka Ziwa Albert huja angara na samaki wadogo waitwao muziri.

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama aina za Kabode na Vita zilizotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2007, vina vitamini A kwa wingi. Mtafiti Mganda, Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, na kazi yake ilihusu viazi hivi. Ni chakula cha heshima, si cha kufichwa.

Ratiba ya siku tano

Ifuatayo ni ratiba ninayowapa wazazi wa darasa langu. Kila mmoja huibadilisha kulingana na msimu na mfuko wake.

Jumatatu: Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa na kukatwa duara, yai la kuchemsha likiwa na ganda lake, na kipande cha papai. Tia karanga kidogo, kwani vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uifyonze.

Jumanne: Kisra iliyopakwa simsim ya kusaga, ikaviringwa kama mkeka na kukatwa vipande vya urefu wa kidole. Pembeni weka muziri au mukene waliokaangwa wakakauka, na karoti. Samaki hawa huliwa na mifupa yao, kwa hiyo humpa mtoto protini na madini ya kalsiamu kwa pamoja.

Jumatano: Muhogo mtamu wa kuchemsha, bajia za kunde, na chungwa. Kunde hulowekwa usiku, hupondwa na kitunguu na chumvi, kisha hukaangwa. Chungwa si pambo. Vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika kunde, ilhali chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia.

Alhamisi: Roleksi ya nyumbani, yaani chapati iliyoviringwa na yai lililokaangwa pamoja na kabichi na nyanya zilizokatwa nyembamba. Ndizi mbivu ifuate.

Ijumaa: Kwanga, au enyasa ngumu iliyofungwa katika jani la mgomba, pamoja na angara aliyechambuliwa miiba yote, osubi iliyopikwa ikakauka maji, na embe lililoiva.

Hakuna soda wala biskuti katika ratiba hii. Zina sukari nyingi, humpa mtoto nguvu ya muda mfupi, na hazimjengi.

Joto letu si la Japani

Hapa nataka tusikilizane vizuri. Chakula kilichopikwa saa kumi na mbili asubuhi huliwa saa saba mchana, yaani saa saba nzima katika joto la West Nile. Ndiyo maana sikuweka wali, maziwa, wala maharage ya mchuzi yaliyolala. Vyakula vyenye majimaji huharibika upesi, na tumbo la kuhara hufuta faida yote.

Kwanza, chakula kipoe kabla ya kufunika mkebe. Mvuke ukifungiwa ndani hugeuka maji, na maji hayo ndiyo makao ya vijidudu. Pili, chakula kikavu na kilichochachuka, kama kisra na kwanga, hustahimili kuliko kilicho laini na chenye mchuzi. Tatu, mkebe ukae kivulini, usiachwe dirishani penye jua.

Yai lichemshwe asubuhi hiyo hiyo hadi kiini kikauke. Mtoto aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mkebe uoshwe jioni, si kesho yake.

Chombo nacho kina mambo yake. Usifunge chakula cha moto katika kaveera, na usitumie kamwe kopo lililokuwa na rangi au dawa ya shamba, hata ukilisugua kwa majivu. Jani la mgomba lililooshwa na kupitishwa juu ya moto ni bora kuliko hayo yote.

Karanga zilizokunjamana, zenye ukungu au ladha chungu, zitupwe. Ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo katika mahindi iliua watu 125 nchini Kenya. Mfanyabiashara anayetenga karanga mbaya "za kula nyumbani" huku nzuri zikienda sokoni, anamuuzia mwanawe ugonjwa.

Muhogo wa kuchemsha uwe ule mtamu tu. Ule mchungu ni wa kulowekwa, kuchachushwa na kukaushwa kabla ya kusagwa. Mwaka 2017 huko Kasese watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula unga wa muhogo mchungu. Kwa sababu hiyo, mtoto anayetafuna muhogo mbichi wa kuokota chini ya mwembe anacheza na maisha yake.

"Nitampikia saa ngapi?"

Mama mmoja anayevuka kwenda Ariwara mara tatu kwa wiki aliniuliza swali la haki. "Mwalimu, saa kumi na moja alfajiri mimi niko barabarani. Nitampikia saa ngapi?"

Nilimjibu, "Mama, usipike alfajiri. Pika Jumapili."

Jumapili karanga hukaangwa, simsim husagwa, samaki wadogo huchambuliwa na kukaushwa jikoni, vyote vikawekwa katika vyombo vyenye mifuniko. Kila jioni kisra au chapati huandaliwa. Asubuhi kinachobaki ni kuchemsha yai au kiazi moto wa chai ukiwa unawaka, na kazi hiyo mtoto wa miaka kumi na mmoja anaiweza chini ya jicho la shangazi au bibi.

Katika mtaa mmoja wa Koboko nimeona akina mama wanne wakienda kwa zamu. Anayebaki siku hiyo hufunga mikebe ya watoto wote, na wanaovuka humletea samaki au matunda. Biashara yao haikupungua, na watoto wao hawatoroki alasiri.

Aibu na furaha

Liko jambo moja linalonigusa mimi niliyekulia uhamishoni. Watoto wengine huficha chakula chao. Mwenye kwanga huitwa Mkongo, mwenye kisra huitwa mkimbizi, na mwenye muhogo huitwa maskini. Yupo msichana aliyekuwa akimwaga enyasa yake nyuma ya choo na kushinda na njaa kuliko kuchekwa.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni watoto kula pamoja kwa duara, mwalimu naye akiwa na mkebe wake, na kila Ijumaa mmoja aeleze chakula chake kilitoka wapi na kimepikwaje. Mtoto anayefahamu kwamba kisra huchachushwa usiku kucha hawezi tena kuicheka. Baada ya wiki chache huanza kubadilishana: bajia kwa kisra, kiazi kwa kwanga. Hata asiye na kitu hupata kitu kutoka kila mkebe.

Mwache mtoto naye apange mkebe wake. Duara za viazi ziwe magurudumu ya lori, mviringo wa chapati uwe nyumba, punje za simsim ziwe macho juu ya ndizi. Mtoto hakatai chakula alichokipanga kwa mikono yake.

Ndugu zangu tuliorudi, na ninyi mnaovuka kila siku, mnajua kufunga mizigo kuliko watu wote. Gunia la kwenda sokoni hulifunga kwa kamba mbili lisimwagike. Kesho kabla ya kulifunga, toa humo kikombe cha kunde na gao la karanga, uziweke kando. Huo ndio mzigo wa kwanza kufungwa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi katika eneo la West Nile.