Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Katuni za Kijapani na Somo kwa Askari

Katika mtaa wa Nyakabiga, mjini Bujumbura, jirani na Chuo Kikuu cha Burundi, vijana wengi wanazijua katuni za Kijapani ziitwazo anime. Baadhi ya vijana wa vikosi vyetu, walio rika lao, nao huzitazama wawapo nje ya zamu. Wapo wakubwa wanaozidharau na kuziita michezo ya watoto. Sisi tunaona dharau hiyo haina msingi. Nyingi katika hizo zahusu askari, amri na vita, na ndani yake zimo sehemu chache zinazoigeuza hadithi nzima kwa ghafla, zikamwacha mtazamaji ameduwaa. Yafaa tujiulize: mshtuko huo watoka wapi?

Hadithi ya mfululizo si ngeni kwetu. Tangu mwaka 1997 Warundi walisikiliza redioni mchezo wa "Umubanyi Niwe Muryango", ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri na kutayarishwa na Studio Ijambo, juu ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Msikilizaji akisha kuwazoea watu wa hadithi, yanayowapata humgusa kama yamempata ndugu yake. Mazoea hayo ndiyo chanzo cha mshtuko.

Tuchukue "Fullmetal Alchemist: Brotherhood" ya mwaka 2009, iliyotokana na kitabu cha picha cha Hiromu Arakawa. Humo yumo Luteni Kanali Maes Hughes, mcheshi asiyechoka kumwonyesha kila mtu picha za binti yake. Katika sehemu ya 10, Hughes agundua kwamba ndani ya uongozi wa jeshi lake mna njama dhidi ya nchi. Atoka kwenda kwenye kibanda cha simu ili amwarifu rafiki yake, Kanali Roy Mustang. Hapo amkuta adui awezaye kubadili sura. Hughes yu tayari kwa kisu chake, lakini adui ajivika sura ya mke wake. Mkono wasita, na risasi yalia. Apandishwa vyeo viwili akiwa maiti, na kaburini binti yake mdogo alia akiuliza kwa nini wanamfukia baba ilhali bado ana kazi nyingi.

Mfano wa pili ni "Attack on Titan", ya Hajime Isayama, iliyoonyeshwa kati ya mwaka 2013 na 2023. Reiner Braun alipata mafunzo ya ukuruta pamoja na shujaa Eren, akawa kama kaka mkubwa wa wenzake. Katika sehemu ya 31, ya mwaka 2017, amweleza Eren kwa sauti ya kawaida, kama ataja hali ya hewa, kwamba yeye ni mmoja wa majitu waliouvunja ukuta na kuleta maafa yaliyomuua mama yake Eren. Baadaye, katika msimu wa mwisho ulioanza Desemba 2020, hadithi yatuvusha bahari hadi kwao Reiner. Twamkuta mama yake, na watoto wanaofunzwa vita huku wakiambiwa kwamba watu wa upande wa pili ni mashetani. Mtazamaji aliyemchukia hana budi kumpima upya.

Katika mifano yote miwili, kinachotisha si wingi wa damu. Kinachotisha ni kwamba sehemu zilizopita zabadilika maana. Tukizirudia, twaona dalili zilikuwapo.

Je, askari ajifunze kutomwamini yeyote? La hasha. Kikosi kisichoaminiana hakiwezi kulinda hata daraja. Hughes alisalitiwa, lakini ni urafiki wake na Mustang uliofanya kifo chake kisisahauliwe na njama zile zifuatiliwe. Naye Reiner alifundishwa kumchukia mtu kabla hajakutana naye. Alipokula na kulala naye kambi moja, moyo wake ukagawanyika.

Sisi Warundi twalijua jambo hili bila katuni. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, na kuundwa kwa Jeshi la Ulinzi wa Taifa mwaka 2004, watu waliokuwa wakilengana kwa bunduki walivaa sare moja na kugawana zamu za usiku. Katika hadithi ya Reiner, mwenzi aligeuka kuwa adui. Katika kambi zetu, aliyekuwa adui alitakiwa kuwa mwenzi. Mgeuko huu ndio mgumu zaidi, kwa kuwa hauishi katika sehemu moja. Hujengwa kila siku: kwa salamu ya asubuhi, kwa maji yanayogawanywa sawa, kwa amri halali inayotiiwa na neno la chuki linalokataliwa kabla halijawa amri.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, mkiwakuta vijana wa Nyakabiga wakibishana juu ya Reiner, msiwapite kwa dharau. Waulizeni kama alikuwa adui au mwenzi, na msikilize kila mmoja ana hoja gani.