Soko la vipuri: kadi mpya, kompyuta inazimika

Kadi ya picha inafungwa asubuhi, na mchana kompyuta inazimika ghafla kazi ikiwa katikati. Mwenye studio ya video za harusi anarudi dukani kwa hasira akidai ameuziwa kadi mbovu, naye mwenye duka hataki kusikia habari ya kurudisha fedha. Mzozo wa aina hii unaweza kumkuta mfanyabiashara yeyote, awe Makoroboi jijini Mwanza, Musoma au Bukoba, na mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kilichoshindwa ni pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha mashine umeme.

Mfano mzuri ni kompyuta za mezani za mtumba zilizokwisha tumika maofisini ng'ambo. Dell OptiPlex 7010 na HP EliteDesk 800 G1, zile zenye umbo jembamba, zilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 240. Zilitengenezwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Prosesa ya Core i5 ya wakati huo inaweza kula wati 77 hadi 84 ikichapa kazi. Kadi ya RTX 3060 peke yake hula wati 170, na Nvidia wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Pawa saplai ikizidiwa hujikata yenyewe ili isiungue, ndiyo maana mashine inazimika kabisa bila onyo lolote kwenye kioo.

Mwenye mashine ndogo anaweza kutosheka na GTX 1650 ya toleo fupi, ambayo hula wati 75 hivi na nyingi hazihitaji waya wa ziada, kwa kuwa tundu la kadi kwenye mazabodi linaruhusiwa kutoa kiasi hicho hicho.

Mtego mwingine ni kibandiko. Pawa saplai ya bei poa inaweza kuandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa, lakini kinachobeba prosesa na kadi ni njia ya volti 12. Mnunuzi atazame safu hiyo na kuzidisha ampea kwa 12. Ikisomeka ampea 18, basi hapo pana wati 216 tu, hata boksi liseme nini. Kisanduku kizito si ushahidi kamili wa ubora, ila chepesi kama boksi la viatu kinatia shaka. Kibovu kikifa huweza kuondoka na mazabodi na diski yenye kazi za wateja, na hapo ndipo hasara ya kweli ilipo: fedha za harusi zimekwisha kupokewa na picha hazipo.

Kabla ya kulaumu duka, UPS nayo ichunguzwe. Wengi husoma VA 650 wakadhani ni wati 650, kumbe nyingi za ukubwa huo hubeba wati 360 au 390, na betri ikichoka hali huwa mbaya zaidi. Ikiwa kioo na spika vinazimika pamoja na kompyuta, mshukiwa wa kwanza ni UPS au umeme wa ukutani. Ikizimika kompyuta pekee, tatizo limo ndani yake.

Fundi makini huanza na jaribio lisilo na gharama: anatoa kadi mpya, anarudisha mashine ilivyokuwa, anaiacha ifanye kazi ile ile. Isipozimika, anaazima pawa saplai kubwa inayoaminika na kujaribu kadi tena. Ikizimika hata bila kadi, saa ya kuzimika ndiyo shahidi. Inayokufa mara tu baada ya kuwashwa huenda ina shoti, mathalani skrubu iliyodondoka chini ya mazabodi. Inayodumu dakika 20 kisha ikazimika huenda ni joto: feni imejaa vumbi na wadudu wa ziwani, au aliyebadilisha prosesa hakupaka dawa ya kupitisha joto. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Sentigredi, na joto likizidi kupanda hujizima. RAM isiyolingana kwa kawaida huleta kioo cha buluu au mashine kujiwasha upya. Mara chache ndiyo inayoizima kabisa.

Kisanduku cha pawa saplai kisifunguliwe na asiye fundi. Kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kwa muuzaji, njia ya kuepuka kesi ni kuuliza mteja ana mashine gani kabla ya kupokea fedha. Kwa mnunuzi, risiti ya EFD na muda wa dhamana uandikwe siku ile ile, maana maneno ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha. Mwenye OptiPlex 9020 ana jambo moja zaidi la kuangalia. Waya mkuu wa mazabodi yake una pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka, hivyo pawa saplai ya kawaida haitaingia bila kiunganishi maalumu, na upatikanaji wa kiunganishi hicho uulizwe kabla ya kadi kulipiwa.