Usikubali Wanyama wa Mwitu Walale Chini ya Nyumba Yako

Ndugu wakulima, wako wageni ambao hawabishi hodi. Huingia bomani usiku, hulala chini ya sakafu ya nyumba au ya banda la kuku, na asubuhi mama akihesabu kuku wake huona mmoja hayuko. Mwezi huu tutaeleza jinsi ya kuwazuia wageni hao bila sumu na bila gharama kubwa.

Ardhi ya Borabu ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu mpaka mipango ya makazi ilipoanza katika miaka ya 1960. Tangu hapo mashamba yamegawanywa, na penye vichaka zamani sasa pana chai, mahindi na nyasi za ng'ombe. Mnyama aliyezoea kulala kichakani hutafuta mahali pengine pakavu penye giza. Kwa hiyo hupenda chini ya ghala, chini ya banda la kuku, au chini ya nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya mawe.

Hasara si kuku tu. Panya wakikaa chini ya nyumba hula mahindi na wimbi, na nyoka huwafuata panya. Basi mwenye kuwafuga panya bila kujua anamwita nyoka karibu na mahali watoto wanapocheza. Tena mnyama wa mwitu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, akamwambukiza mbwa wako, naye mbwa akamwuma mtoto.

Mjue mgeni wako kwanza

Usianze kuziba tundu kabla ya kujua nani analala ndani. Kanu, kicheche na panya buku hutembea usiku na kulala mchana. Nguchiro wengi hutembea mchana na kulala usiku, lakini yule mkubwa mwenye mkia mweupe hutembea usiku. Nyunyiza majivu makavu mbele ya tundu jioni, kisha uyatazame alfajiri. Nyayo zitakuonyesha ukubwa wa mnyama, na kama ametoka au ameingia.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Niliona tundu chini ya nyumba ya mbao ya mama yangu, nikaliziba kwa mawe saa tisa mchana, nikarudi kazini nikijisifu. Siku ya nne mama akanipigia simu kwamba hawezi kulala kwa harufu. Tulipong'oa mbao za sakafu tulimkuta kanu jike amekufa pamoja na watoto wake wawili. Alikuwa usingizini nilipoziba. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu: "Mwanangu, hukupiga hodi?" Fundi wa kurudisha zile mbao alinigharimu kuliko kuku wote waliopotea.

Kuziba tundu

Fuata mpango huu hatua kwa hatua.

1. Ondoa kinachomvuta mnyama. Usiache mahindi yaliyomwagika, maganda ya ndizi wala chakula cha mbwa usiku. Ondoa rundo la kuni na mawe karibu na ukuta, na ufyeke nyasi ndefu.

2. Sikiliza. Ukisikia sauti za watoto wa mnyama, ngoja mpaka wakue na kumfuata mama yao nje. Ukifunga mapema, mama atachimba kwa nguvu ili awarudie, au watoto watakufa ndani.

3. Funga matundu yote isipokuwa moja. Hilo moja lijaze majani makavu ya mgomba bila kushindilia. Mnyama aliye ndani atayasukuma ili atoke. Majani yakikaa bila kuguswa siku tatu mfululizo, na majivu yakawa hayana alama, ujue hakuna mtu nyumbani. Hapo ndipo ufunge.

4. Tumia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Waya wa kuku wa kawaida haufai, kwa sababu panya wadogo hupita katika matundu yake. Mtoto wa panya hupita penye upana wa milimita 12, na panya mdogo wa nyumbani hupita penye milimita 6 tu, yaani karibu unene wa kalamu ya risasi.

5. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 kuizunguka nyumba. Teremsha wavu mpaka chini, kisha ukunje sentimita 30 nyingine kuelekea nje, ufukie kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba penye ukuta, akikuta wavu chini ya miguu yake huchoka na kwenda zake.

Wako wanaouliza: kwa nini tusizibe kwa udongo au saruji kabisa? Mvua ya Kisii na Nyamira ni nyingi karibu mwaka mzima. Mbao za sakafu zikikosa hewa huoza. Wavu humzuia mnyama na kuiacha hewa ipite.

Ghala

Ghala letu la nafaka, tuliitalo ekiage, lisimame juu ya nguzo ili sakafu yake iwe mita 1 au zaidi kutoka ardhini. Kila nguzo uivishe kinga ya bati kama faneli iliyopinduliwa, imeenea sentimita 25 kila upande, nayo iwe juu kiasi cha mita 1. Panya hupanda nguzo, lakini hawezi kupita chini ya bati hilo. Kazi hii yote ni bure ukiacha ngazi imeegemea ghala usiku, au tawi la mti likigusa paa.

Usitumie sumu

Wengine huweka dawa ya mimea ndani ya nyama. Hilo ni hatari kubwa. Mbwa wako, paka wako, bundi anayekulia panya, hata mtoto wako anaweza kufa. Tena kumbuka kwamba nguchiro na kanu hula panya pia. Mfungie kuku ndani ya banda imara usiku, nao wanyama hao waendelee kukusaidia shambani. Wanyama wa mwitu wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Ukipata mnyama mkubwa au mkali usiyemweza, peleka habari kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au kwa chifu wako.

Mtu akiumwa

Usiingize mkono ndani ya tundu kamwe. Mtu akiumwa na nyoka, asichanjwe, asinyonywe sumu, wala asifungwe kamba. Atulie, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Akiumwa na mbwa au mnyama wa mwitu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Ndugu wakulima, leo jioni chukueni taa mzunguke nyumba zenu. Tazameni chini, kila pembe. Mkiona tundu, msikimbilie jembe. Nyunyizeni majivu kwanza, mpate kujua kama mwenyeji yumo.