Je, Wajua? Zabibu Hucheza Ngoma Ndani ya Soda

Mimina Sprite, au soda yoyote isiyo na rangi, kwenye glasi ndefu. Dondosha zabibu kavu tano sita. Zitazama chini, na mtoto atakuuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Mwambie angoje. Viputo vitaanza kung'ang'ania makunyanzi ya zabibu mpaka ziinuke. Zikifika juu viputo hupasuka, zabibu zinazama tena, na ngoma inaanza upya. Karanga za kukaanga nazo zimo: mwaka 2023 wanasayansi walichapisha utafiti mzima kuhusu karanga zinazocheza ndani ya bia. Kazi nyingine tamu jamani!

Je, wajua kwamba gesi ya soda, yaani hewa ya ukaa, haiwezi kwa urahisi kuunda kiputo katikati ya maji matupu? Hutafuta pa kuanzia: ufa, mkwaruzo, chembe ya vumbi. Ukiona viputo vinapanda kwa mstari kutoka sehemu ileile ya glasi, hapo pana mkwaruzo au uzi wa kitambaa cha kukaushia vyombo. Ukiwa mgeni, nyamaza tu.

Ndiyo maana kijiko cha chumvi huifanya soda ifurike povu. Fanyia nje. Na peremende za Mentos zinazorusha Coca-Cola hewani? Wengi husema ni kemikali zinapambana. Sivyo. Ganda la peremende lina vishimo vidogo mno visivyohesabika, nayo huzama upesi hadi chini, kwa hiyo gesi huchomoka kila mahali kwa mpigo.

Je, wajua kwamba kugonga kopo lililotikiswa hakusaidii? Watafiti wa Denmark walijaribu kwa makopo ya bia zaidi ya 1,000, wakachapisha matokeo mwaka 2019: ugonge usigonge, kinachomwagika ni kilekile. Dawa ni kuliacha litulie.

"Ya baridi au ya moto?" Swali la muuza duka lina fizikia ndani yake. Maji ya nyuzi 0 hushika karibu maradufu ya gesi inayoshikwa na maji ya nyuzi 20. Fungua chupa mbili, moja ya friji na moja ya rafuni, usikilize.

Aliyeanzisha maji haya ya gesi ni Mwingereza Joseph Priestley, jirani wa kiwanda cha bia mjini Leeds. Mwaka 1767 alining'iniza maji juu ya pipa la pombe inayochachuka, gesi ikaingia majini. Biashara wakaifanya wengine.

Je, wajua kwamba mchonyoto wa soda ulimini si wa viputo peke yake? Kimeng'enya cha ulimini huigeuza gesi kuwa asidi. Wapanda Kilimanjaro wanaomeza Diamox kujikinga na ugonjwa wa mwinuko huiona soda imepooza, kwa kuwa dawa hiyo hukizuia kimeng'enya hicho.

La mwisho si la mchezo. Ziwa Nyos la Kameruni lilikuwa na hewa ya ukaa kilindini, imekandamizwa na uzito wa maji kama gesi chini ya kizibo. Usiku wa Agosti 21, 1986 ilifumuka, ikatambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Mwaka 2001 lilitumbukizwa bomba refu la kuipunguza. Pampu ilikuwa ya kuanzishia tu. Maji yalipopanda, gesi yenyewe iliyasukuma, yakaruka mita 50 hivi juu ya ziwa.

Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, limebeba gesi nyingi kuliko Nyos, methani ikiwemo. Huko Karongi, upande wa Rwanda, maji ya kilindini hupandishwa kwa mabomba, gesi ikachomoka njiani, na methani yake inazalisha umeme.