Kifafa cha Mabonde ya Mito si Laana



Katika mikutano ya tawi letu hapa Rumonge tumezoea kusema juu ya mishahara, bei ya mawese na nyavu. Safari hii tutazungumza juu ya ubongo. Msicheke. Kibarua mwenzetu katika shamba moja la michikichi alianguka kifafa mchana mbele ya msimamizi, na kesho yake jina lake halikusomwa tena. Hakuiba, hakuchelewa. Aliambiwa kwamba ataambukiza wengine. Basi yafaa kila mwanachama ajue kifafa cha namna hii kinatoka wapi, ili siku ya kusimama mbele ya tajiri awe na maneno ya kujibu.

Tuanze na mto. Mito yetu, kama Murembwe na Dama, huteremka kutoka milimani mpaka ziwani. Katika maji yaendayo kasi ndimo wanamozaliana inzi wadogo weusi wenye kuuma mchana, nao hueneza minyoo ya usubi, ule ugonjwa uletao mwasho usiokwisha na mwishowe upofu. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na watoto wake kwa maelfu hutembea ngozini hadi machoni. Madaktari walipima usubi katika mkoa wa Bururi, wakati Rumonge ilipokuwa bado tarafa yake, na habari zake zikachapishwa mwaka 1997. Mwaka huohuo ulitoka uchunguzi mwingine wa hapa Burundi, uliotazama pamoja usubi, kifafa na watoto waliodumaa.

Jambo hili halikuonekana kwetu peke yetu. Kule Mahenge, Tanzania, daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta karibu na mwaka 1960 kwamba kifafa kimejaa mno kati ya Wapogoro, na wapo watoto waliokuwa wakiangusha kichwa tena na tena kama mtu anayesinzia. Baadaye ugonjwa huo wa kusinzia kichwa ulienea kaskazini ya Uganda, Kitgum na Pader. Mtoto mzima kabisa, wa miaka mitano au kumi, huanza kutikisa kichwa akiwekewa chakula. Kisha huanguka, hudumaa, na akili hupungua mwaka hata mwaka.

Sasa fumbo lenyewe. Mnyoo wa usubi hukaa ngozini na machoni, lakini waliopasua ubongo wa marehemu hawakumkuta humo. Ubongo unaumizwaje na mnyoo asiyeingia ndani yake? Mwaka 2017 wataalamu walitoa jibu moja: huenda ni askari wa mwili wetu wenyewe. Mwili hutengeneza silaha za kumpiga mnyoo, na silaha hizo hukosea shabaha, zikaipiga protini iliyomo katika chembe za ubongo kwa sababu inafanana na ile ya mnyoo. Jibu hilo halijakamilika, maana silaha hizo hazikuonekana kwa wagonjwa wote.

Mwaka 2018 zilichunguzwa bongo za vijana watano wa Uganda waliokufa na ugonjwa huu. Ndani yake ilionekana protini iitwayo tau imejisokota mafundo, kama ionekanavyo katika ugonjwa wa Alzheimer wa wazee. Jambo la ajabu kwa vijana! Wengine wakasema basi huu ni ugonjwa wa protini. Mwaka 2019 zikachunguzwa nyingine tisa: watano walikuwa wa kusinzia kichwa, wanne wa kifafa kingine cha usubi. Mafundo ya tau yalionekana kwa sita tu, nayo machache. Lakini alama za uvimbe wa zamani, yaani makovu na chembe za ulinzi zilizokusanyika, zilienea karibu kwa wote, na sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ishikayo mizani ya mwili, ilikuwa imesinyaa. Mimi nimeishia darasa la sita, lakini naona hoja ya hao wa pili ina nguvu: uvimbe ulitangulia, na magonjwa hayo mawili ni ndugu.

Tofauti hii si ya madaktari peke yao. Mafundo ya protini hayana dawa hadi leo. Mnyoo anayo: ivamektini, itolewayo bure tangu mwaka 1987. Haimuui mnyoo mkubwa, huua watoto wake, ndiyo maana humezwa mwaka hata mwaka kwa miaka mingi. Huko Uganda, walipoanza kuigawa mara mbili kwa mwaka na kuua viluwiluwi vya inzi mitoni, kuanzia 2012, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa walikoma.

Kwa aliyekwisha kuugua, ivamektini haiponyi. Yeye anahitaji vidonge vya kifafa kila siku, na asiviache ghafla. Wala si kila kifafa ni cha usubi: tegu wa nguruwe naye amethibitishwa hapa Burundi, na ziko malaria kali na uzazi mgumu.

Mate ya mgonjwa hayaambukizi. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa panga karibu naye, usimtie kitu kinywani. Asipande mchikichi, asiende ziwani peke yake, asisimame penye pipa la mawese yanayochemka. Lakini kuchambua ngazi, kupima mizigo, kushona nyavu, hizo zote ni kazi anazoziweza, na mshahara wake ni halali yake.

Liko na jambo la siku ya kugawa dawa. Mgawaji hupita mtaani akiwa na fimbo ya kupimia urefu, nasi tuko shambani. Kibarua wa kutoka mbali hata jina lake halimo katika daftari. Tawi linataka nusu siku yenye malipo, na vibarua wote waandikwe, wa msimu pia. Wajumbe, leteni orodha zenu kabla ya mkutano ujao.